Daktari alinionya nisibebe mimba tena, na sasa nimebeba

SWALI

Mama mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, na ninaishi katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu. Jina langu na la kijiji nimeyaacha makusudi, kwa kuwa huku kwetu kila mtu anamjua mwenziwe, na jambo ninalokuletea nililitaka walijue watu watatu tu: mume wangu, mama yangu mzazi na mavyaa wangu. Kila mmoja wao ameshika njia yake, nami niko katikati yao sijui nimfuate yupi.

Mtoto wangu wa mwisho nilimzaa kwa taabu kubwa. Ujauzito ule ulikwenda vyema hadi mwezi wa saba, nikaanza kuvimba uso na mikono, kichwa kikaniuma mfululizo bila kusikia dawa, na macho yakawa yanaona ukungu. Wazee walisema ni uchovu na joto. Siku ya pili asubuhi nilianguka jikoni, na yaliyofuata nimesimuliwa tu: kwamba nilipakiwa mashuani kuelekea Lamu, bahari ya kusi ikiwa imechafuka, na njiani nikashikwa na kifafa mara kwa mara huku mama yangu akinizuia kichwa nisijipige ubaoni. Nilipopata fahamu nilikuwa hospitalini, nimeshapasuliwa, na ulipita muda kabla sijaelewa kuwa yule mtoto mdogo mno waliyenionyesha ni wangu. Yu hai, alhamdulillahi, anatembea na anasema, lakini ziwa langu hakuwahi kulinyonya.

Siku ya kuruhusiwa kutoka, daktari alituita mimi, mume wangu na mama, akatueleza kuwa kile kilikuwa kifafa cha mimba, kwamba presha yangu haikushuka kama ilivyotarajiwa na nitakuwa nikimeza dawa, na kwamba nisibebe mimba nyingine bila ya kurudi kwake kwanza, kwa sababu inaweza kunimaliza. Tangu hapo nilikuwa nikidungwa sindano ya uzazi wa mpango. Mara ya mwisho nilipokwenda niliambiwa dawa imekwisha nirudi baadaye, niliporudi haikuwa imefika, na katikati ya kungoja huko nikashika mimba. Hedhi yangu ya mwisho niliiona katika kumi la mwisho la Ramadhani, na sasa ninapokuandikia Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, unakwisha. Nimepima kwa kile kipimo cha mkojo cha dukani zaidi ya mara moja na jibu ni lile lile.

Mume wangu ni mvuvi wa kamba, na ninataka ujue kuwa si mtu mbaya. Nilipomwambia alinyamaza kitambo, kisha akasema mtoto huja na riziki yake, na Mola aliyenitoa kwenye mashua ile nikiwa hai hashindwi kunitoa tena. Nikimkumbusha maneno ya daktari husema kuwa madaktari nao si wajuzi wa ghaibu. Mavyaa wangu amekuwa mkali zaidi. Amesema mwanamke anayetoa mimba ameua, na kwamba yeye hatakubali damu hiyo iwe juu ya nyumba yake. Mama yangu yeye hajui kusema mengi, lakini tangu apate habari halali usiku, na juzi aliniambia kuwa hana nguvu za kuingia mashuani tena akiwa amenishika vile.

Jirani yangu mmoja amenong'onezewa na mama, ingawa nilimwomba asimwambie mtu, na amenipa namba ya kijana mjini anayeuza vidonge, anasema vinamaliza kazi kwa usiku mmoja na hakuna atakayejua. Bibi mwengine ana mizizi anayoichemsha. Vidonge hivyo sijavinunua, lakini namba ninayo.

Nisikufiche yaliyo moyoni mwangu. Sina chuki na kiumbe hiki. Usiku mwengine nalala nikiwa na mkono tumboni na nafikiri labda safari hii itakuwa nyepesi. Usiku mwengine nawatazama wale watatu waliolala nikajiuliza ni nani atakayewasuka nywele na kuwapeleka madrasa nikiwa sipo, na mdogo aliyeanza maisha bila ya maziwa yangu atanikumbuka kwa lipi. Ninaogopa kufa na ninaogopa kumkosea Mungu, na hofu hizi mbili hazinipi nafasi ya kufikiri.

Nakuomba unijibu matatu. Je, nikiitoa mimba hii kwa sababu ya maradhi yangu nitakuwa nimeua? Je, serikali itanifunga? Na je, ninaweza kufanya jambo hili bila ya mume wangu kuridhia?

Wako mwenye dhiki, Pate.

JIBU

Mwanangu, waaleikum salaam.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya kugusa maswali yako nataka nianze na ile namba ya simu uliyopewa. Usiipige. Mtu anayekuuzia vidonge kwenye bahasha hakupimi presha, hajui kuwa una kovu la upasuaji kwenye mfuko wa uzazi, hajui mimba yako imekaa wapi wala ina umri gani, na ukianza kuvuja damu usiku, kisiwani, bahari ikiwa ya kusi, hatakuwapo. Mizizi ya kuchemsha ni hatari zaidi, kwa sababu hata aliyeichimba hajui inafanya nini kwenye ini na figo za mtu ambaye tayari ana maradhi. Utafiti uliofanywa na Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, ulikadiria kuwa katika mwaka 2012 mimba zipatazo 465,000 zilitolewa nchini, na kwamba karibu wanawake 120,000 walilazimika kutibiwa vituoni kwa madhara yaliyofuata. Hao ni wale waliofika kituoni. Ikiwa kati ya kuandika barua na kusoma jibu hili umeshameza chochote, nenda hospitali leo bila ya kungoja dalili, na umwambie daktari ulichomeza bila ya kuficha. Matibabu ya dharura hayakatazwi mtu yeyote katika nchi hii, na Katiba imelisema hilo katika ibara ya 43.

Sasa nikuambie ninaloliona mimi kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Umeniuliza kuhusu dini, sheria na mume, na yote matatu yana majibu, lakini kila moja linaegemea jambo ambalo wewe, mumeo, mavyaa wako na mimi hatulijui: hali ya mwili wako ilivyo wiki hii. Watu wote watatu nyumbani wanabishana juu ya hatari ambayo hakuna aliyeipima. Mumeo anasema utapona na mama yako anasema utakufa, na wote wawili wanasema kwa mapenzi bila ya kuwa na kipimo mkononi. Daktari alikuonya, ni kweli, lakini alikuonya wakati ule, ukitoka kwenye maradhi mazito, na maneno yake yenyewe yalikuwa kwamba urudi kwake kwanza. Basi rudi. Wewe uko katika wiki ya tisa au ya kumi kwa hesabu ya hedhi uliyonipa, na kila njia iliyo mbele yako, iwe ya kuilea mimba au ya kuisitisha, ni nyepesi zaidi sasa kuliko mwezi mmoja ujao.

Nenda hospitali ya kaunti mjini Lamu, ile ya King Fahd, ukamwone daktari, na ukiwa na karatasi zako za zamani, hata kama zimechakaa, zibebe. Mwambie uliwahi kupata kifafa cha mimba katika mwezi wa saba, ukapasuliwa, na presha haikuondoka. Atakupima presha, mkojo kuona kama una protini, damu kuona figo na ini vinafanyaje kazi, na atakupiga picha ya tumbo ajue umri wa mimba na mahali ilipokaa, pamoja na kovu lako. Ikiwa mambo yanahitaji mtaalamu wa moyo au wa figo, mwombe barua ya rufaa ya kwenda Malindi au hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, Mombasa.

Kuna swali moja ambalo usitoke chumbani mwa daktari bila ya kuliuliza, nalo ni la dawa zako za presha. Hukunitajia jina. Baadhi ya dawa ambazo watu wengi wanapewa kwa presha, kama enalaprili na losartani, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mjamzito hubadilishiwa akapewa nyingine kama methildopa au nifedipini. Usiziache kwa mkono wako mwenyewe ukakaa bila ya dawa, maana presha iliyoachwa huru ni hatari yake pia. Lakini usikawie kwenda kubadilishiwa, hata kabla hujaamua lolote jengine.

Kisha mwulize waziwazi: kwa vipimo hivi, nikiilea mimba hii, hatari yangu ni ya namna gani, na ya mtoto ni ya namna gani? Sikiliza jibu lake hata kama silo ulilolitarajia. Mimi nimewaona wanawake waliopata kifafa cha mimba wakazaa tena salama, na ni kweli kuwa wengi hawarudiwi na kifafa chenyewe wakiangaliwa vizuri. Lakini mtu ambaye maradhi yalimwanza mapema, mwezi wa saba badala ya wa tisa, na ambaye presha yake haikuondoka baada ya kuzaa, yumo katika wale wenye hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na maradhi ya presha ya ujauzito, na ikiwa figo au moyo umeguswa, hatari hiyo inazidi. Tofauti kati ya figo nzima na figo zilizochoka inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mimba ya kulelewa kwa uangalifu na mimba ya kukuondoa duniani. Ndiyo maana sitaki uamue kwa kukisia.

Nije kwenye sheria. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 26, inasema kuwa uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa kuwe na haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iwe hatarini, au sheria nyengine iliyoandikwa iwe imeruhusu. Tazama maneno "uhai au afya". Hungojewi mpaka uanguke jikoni tena ndipo upate ruhusa. Mhudumu huyo si lazima awe bingwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtambua mwenye mafunzo ya kiwango cha daktari, tabibu, muuguzi au mkunga. Nje ya mlango huo, sheria ya makosa ya jinai bado ina makali: anayemtoa mwenziwe mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi 7, na anayetoa dawa au kifaa akijua kazi yake hadi 3. Kwa hivyo kijana wa namba ile anakuingiza kwenye hatari ya mwili na ya jela kwa pamoja, ilhali daktari aliyekupima, akaandika maoni yake kwenye jalada lako na kukuhudumia hospitalini, amesimama ndani ya Katiba, na wewe umesimama pamoja naye.

Huenda umesikia habari za kesi ya Malindi, kwani ilizungumzwa sana Pwani nzima. Msichana wa shule kutoka kaunti ya Kilifi alipata matatizo ya ujauzito mwaka 2019, akatibiwa na tabibu, polisi wakaingia kliniki wakawakamata wote wawili. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilisema kuwa kuwakamata vile kulikuwa kinyume cha haki, na ikayaweka matibabu hayo miongoni mwa haki za kikatiba. Hukumu hiyo ilikatiwa rufaa, na kwa sababu hiyo sikushauri ujenge uamuzi wako juu yake. Wewe huihitaji. Maneno ya ibara ya 26 yenyewe yanakutosha, kwa sharti kuwa maoni ya daktari yameandikwa.

Swali lako la dini ndilo lililonikalisha muda mrefu zaidi, kwa kuwa naona ndilo linalokukosesha usingizi, na mavyaa wako hakukosea alipolichukulia kwa uzito. Qur'ani inakataza kuwaua watoto kwa kuogopa umaskini, katika sura ya Al-Israa aya ya 31, na mwanamke wa Kiislamu hapaswi kuiona mimba kama mzigo wa kuutua wakati wowote aupendao. Lakini hofu yako si ya umaskini. Qur'ani hiyo hiyo, katika sura ya Al-Baqara aya ya 195, inatukataza kujitia kwa mikono yetu katika maangamizo. Wanazuoni wamezikutanisha aya hizi kwa njia ambayo mavyaa wako huenda hajapata kusimuliwa yote.

Kwa mujibu wa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, roho hupulizwa baada ya siku 120. Kabla ya hapo, hata ndani ya madhehebu yetu ya Shafi hawakuwa na kauli moja. Imamu Ghazali aliona kuwa ni kosa tangu mbegu itulie tumboni, na kwamba kosa huzidi uzito kadiri kiumbe kinavyokua. Wengine wa madhehebu hiyo hiyo, akiwamo Imamu Ramli, waliona kuna nafasi kabla ya roho kupulizwa. Baada ya siku 120 mlango hufungwa, isipokuwa uhai wa mama mwenyewe ukiwa hatarini. Baraza la Fiqhi, yaani la sheria za Kiislamu, la Rabita, ile Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lililokutana Makka mwaka 1990 lilisema kuwa katika hali hiyo kamati ya madaktari waaminifu ndiyo itakayothibitisha. Unaona kuwa hata wanazuoni waliobana zaidi wamemwita daktari awe shahidi. Kauli ya kuwa kila anayetoa mimba ameua, bila ya kuuliza lini na kwa nini, si kauli ya fiqhi.

Hesabu za siku hizi ziangalie vizuri. Daktari huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na fiqhi huhesabu tangu mimba ilipotungwa, ambako ni kama wiki mbili baadaye. Siku 120 zako basi zitatimia karibu na wiki ya 19 ya hesabu ya daktari. Hazijafika, na hilo likupe utulivu wa kufikiri, ila lisikupe sababu ya kuahirisha. Ukishapata karatasi ya daktari, nenda nayo kwa sheikh unayemwamini, mwenye elimu na mwenye kusitiri, na Lamu haina uhaba wao. Usiende kabla ya karatasi, kwani utamfanya akujibu kuhusu wanawake wote badala ya kukujibu wewe. Mimi si mufti, na nimekueleza yaliyo mashuhuri tu ili usiingie kwake ukiwa umeshajihukumu.

Kuhusu mumeo, hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mke mtu mzima aletee hospitali ridhaa ya mume ndipo atibiwe. Ridhaa inayotakiwa ni yako. Hilo ni jibu la swali lako, lakini nisingependa ulifanye jambo hili kwa siri ikiwa kuna njia nyengine, kwa sababu umenambia mwenyewe kuwa si mtu mbaya, na kwa sababu baada ya siku hii mtaendelea kuishi pamoja. Nilichokisikia katika maneno yake ni hofu. Mwanamume aliyeona mkewe akitolewa mashuani hana fahamu, kisha akaambiwa jambo lile linarudi, anaweza kushika tawakali kwa nguvu kwa kuwa hana kingine cha kushika. Mwambie umwone daktari pamoja naye. Maneno atakayoambiwa yeye mwenyewe chumbani, akiwa na nafasi ya kuuliza, yana uzito ambao maneno yako nyumbani hayatakuwa nao. Kutawakali hakujapata kuwa sababu ya kuacha dawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, ndiye aliyewaamrisha watu wajitibu. Akikataa kwenda, nenda na mama yako. Mumeo ana haki ya kusikilizwa, na umsikilize kwa heshima, lakini haki ya kukuamulia kuwa uhatarishe maisha yako hana, na hilo nalisema bila ya kusita. Mavyaa wako mstahi, na usibishane naye. Huyu ni wa kuzungumzwa na mwanawe, na mwanawe atajua la kusema akishamsikia daktari.

Majibu yakitoka, utabaki na uamuzi, nao ni wako. Ikiwa daktari ataona kuwa hatari inadhibitika na moyo wako unataka kuilea mimba hii, basi iwe kwa mpango: kuanzia karibu na wiki ya 12 anaweza kukupa aspirini ya kiwango kidogo ya kila siku, ambayo hupunguza uwezekano wa maradhi yale kurudi, na pengine madini ya kalsiamu, presha ipimwe mara kwa mara, na tangu mwezi wa sita usikae kisiwani mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji na dawa ya magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa. Tafuta mapema jamaa wa kukaa kwake mjini Lamu au Malindi, na fedha za hayo mumeo aanze kuziweka sasa. Kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu, maumivu chini ya kifua upande wa kulia na uvimbe wa uso ni dalili za kukimbia hospitali saa ile ile, na hapana mtu tena wa kukuambia kuwa ni joto.

Na ikiwa daktari ataona kuwa kuendelea kunahatarisha uhai au afya yako, na wewe baada ya kushauriana na sheikh wako ukaona uisitishe, basi iwe hospitalini, mapema, mikononi mwa aliyefunzwa, na baadaye urudi kuangaliwa. Damu ikiwa nyingi kiasi cha kulowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja na ikaendelea hivyo saa inayofuata, au ukipata homa, harufu mbaya au kizunguzungu cha kuanguka, usingoje asubuhi. Mhudumu akikuambia kuwa yeye dhamiri yake haimruhusu, usigombane naye. Mwombe akupeleke kwa mwenziwe au akupe rufaa. Huzuni itakuja, hata kama uamuzi ulikuwa wa haki, na usimruhusu mtu akwambie kuwa huzuni hiyo ni ushahidi wa dhambi. Mtu humlilia aliyetaka kumpata.

Liko moja ambalo hukuniuliza, na njia yoyote utakayoichukua litakufuata. Sindano inayokutaka urudi kila miezi mitatu kwenye kituo ambacho dawa huisha, huku bahari ikikukatalia safari nusu ya mwaka, si kinga ya kutegemewa na mwanamke wa hali yako, na ikiwa presha yako iko juu sana daktari anaweza kuona kuwa sindano hiyo haikufai kabisa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo havimfai mwenye presha. Kipandikizi cha mkononi hukaa miaka mitatu hadi mitano, na kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi, na vyote viwili vinaweza kutumiwa na mwenye presha. Ikiwa wewe na mumeo mmetosheka na watoto mlionao, kufunga kizazi nako ni jambo la kulizungumza naye na kumwuliza sheikh siku hiyo hiyo mtakayokwenda. Kipandikizi au kitanzi kinaweza kuwekwa hapo hapo hospitalini, mara baada ya kujifungua au baada ya mimba kusitishwa. Lisemee mapema, daktari aliandike kwenye karatasi yako, ili siku ya kuruhusiwa usirudishwe tena nyumbani kungoja dawa ifike.